Msimu wa korosho umevuruga saa za kula na kulala za watoto: nipange vipi jioni yetu?

Mama wa Tandahimba
Ndugu zangu, salaam, na kwa walionizidi umri shikamooni. Nina watoto watatu: binti wa darasa la tano, kijana wa darasa la pili mwenye miaka 8, na mdogo wa miaka 3. Tangu msimu wa korosho ulipoanza mwezi Oktoba, jioni yetu imeharibika. Tunarudi kutoka shambani giza limeshaingia, ndipo ninapowasha moto, na chakula kinaiva saa 3 usiku. Juzi huyu wa darasa la pili alisinzia tonge likiwa mkononi, mchuzi wa mbaazi ukamchuruzika hadi magotini naye asishtuke. Baada ya kula, baba yao hutaka wale wakubwa wawili wakae barazani wapambanue korosho, yaani watenge nzuri na mbovu, kwa mwanga wa taa ya sola, kwa hiyo wanalala saa 4, na saa 11 alfajiri ninawaamsha. Mwalimu wa darasa ameniandikia kwenye daftari kwamba kijana analala darasani, na upimaji wa darasa la pili umekaribia. Korosho siwezi kuziacha, kwani ndizo sare zao, madaftari yao na bati la nyumba yetu. Nifanyeje ili watoto wapumzike na kazi nayo isilale?

Mama Wanne, Newala
Pole sana, dada. Mwaka jana nilikuwa katika hali hiyo hiyo, na kilichoniokoa ni kuhamishia mapishi alfajiri. Mbaazi huchukua muda mrefu kuiva, kwa hiyo ninaziloweka usiku, ninazibandika jikoni wakati wa kuchemsha chai, kisha ninaziacha bila kutia tui, maana zikishatiwa nazi hazifiki jioni bila kuchacha. Tukirudi ninazichemsha upya, ninatia tui na kusonga ugali, na kabla ya saa 1 na nusu watoto wameshakula. Jambo la pili ni kuoga kwanza, kabla mtu hajakaa. Kwetu huku maji ni ya kuhesabu, lakini ndoo ya watoto ninaiweka kando tangu asubuhi na haiguswi. Nguo za shambani zinabaki nje kwenye kamba, na shati la shule halikanyagi shambani hata kwa dakika moja, kwa sababu doa la bibo, lile tunda la mkorosho, likishaingia kwenye nguo nyeupe halitoki. Huyo mdogo naye mwangalie sana: wangu aliwahi kung'ata korosho mbichi na ganda lake, mafuta ya ganda yakamchoma midomo, akakaa siku kadhaa hawezi kula kitu chenye chumvi.

Baba wa Nachingwea
Dada, ninamwelewa shemeji, kwa sababu korosho iliyodondoka ikikutwa na mvua chini ya mti huharibika, na mvua zenyewe zinakuja. Kuokota hakungoji. Kupambanua kunangoja, kwani korosho ikishaanikwa ikakauka inaweza kukaa mpaka Jumamosi bila hasara yoyote. Tena mimi niliacha kabisa kupambanua usiku baada ya mzigo wangu kuteremshwa kutoka daraja la kwanza hadi la pili ghalani. Kwa mwanga wa taa, korosho yenye madoa na ile iliyosinyaa huwezi kuzitofautisha vizuri na nzima, hasa ikiwa anayechagua ni mtoto mwenye usingizi. Mweleze shemeji kwa upande huo wa bei, naamini atakusikiliza kuliko ukianza na habari ya usingizi.

Mwalimu Mstaafu, Masasi
Mwanangu, ya bei ni kweli, lakini usingizi nao usiuweke nyuma. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12, na wa kwako analala kwa muda wa saa 7 tu. Akilala saa 2 na nusu usiku na kuamka saa 11 na nusu alfajiri, anapata zile 9. Nimefundisha watoto wa madarasa ya chini kwa miaka mingi, na kila msimu niliwaona wale wanaosoma vizuri mwezi Agosti wakishindwa kuunganisha silabi mwezi Novemba, wakati akili zao hazijapungua hata kidogo. Nenda ukamwone mwalimu wake ana kwa ana, usimjibu kwa daftari tu. Baba yao akiwa mgumu, mwite kaka yako. Kwa desturi zetu neno la mjomba kuhusu watoto wa dada yake halipuuzwi. Na wakishaoga na kula, wape hadithi moja fupi gizani, taa ikiwa imezimwa, iwe ndiyo alama ya kulala kila siku, hata siku mtakayochelewa.

Mama wa Tandahimba
Ninawashukuru sana nyote. Jana nilibandika mbaazi alfajiri kama dada wa Newala alivyoelekeza, na saa 1 na dakika 40 sahani zilikuwa zimeshaoshwa. Baba yao nilimpa ile habari ya daraja la pili, akanyamaza kidogo, kisha akalikunja turubai akasema tutapambanua Jumamosi asubuhi. Nikawaanzishia hadithi ya sungura na fisi, na fisi hajafika hata kisimani kijana alikuwa anakoroma. Binti ndiye aliyenibana niimalize.