Pikapu niliyoiinua na tela nililojiundia vimekataliwa kwenye ukaguzi: nianzie wapi?

Mwenye Tela

Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa ukaguzi wa usalama wa magari, kwa kuwa nimekwisha kurudishwa mara moja na sitaki kurudishwa tena kwa makosa ambayo ningeweza kuyarekebisha mwenyewe.

Nina pikapu yenye springi za bapa nyuma. Nimeiinua sentimita 4 nyuma kwa kuweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, na sentimita 7 mbele kwa vipande vya kuinulia springi, kisha nikaivisha matairi yenye kipenyo cha milimita 770 badala ya 700 ya kiwandani. Tela nimelichomelea kwa mikono yangu: chasisi ni ya vyuma vya mraba, na ekseli niliitoa nyuma ya gari dogo lililokwisha kufa. Ngoma za breki bado zipo kwenye ekseli hiyo, ila hazijaunganishwa na kitu chochote. Nilikusudia tela libebe mzigo wa kilo 1,000.

Karatasi niliyopewa ina mambo matano. Breki za nyuma za pikapu ni dhaifu, kushoto na kulia kwa kiasi kilekile. Taa za mbele zinamulika juu mno. Mabadiliko hayamo kwenye hati ya usajili. Tela halina breki wala bamba la utambulisho. Taa za tela nazo, kwa maneno ya mkaguzi, "zinachanganya": nikikanyaga breki huku indiketa ya kushoto ikiwaka, taa zote za upande huo hufifia na kupepesa pamoja.

Kinachonishangaza zaidi ni breki za pikapu, kwa sababu sikuzigusa kabisa. Viatu vya breki ni vipya, ngoma hazina mikwaruzo, na mwaka uliopita gari hilihili lilipita bila neno. Je, inawezekana mashine ya kupimia ndiyo yenye hitilafu?

Mkaguzi Mstaafu

Ndugu Mwenye Tela, mashine hukosea mara chache sana kuliko watu wanavyoidhania. Katika miaka niliyosimama kwenye shimo la ukaguzi, aliyekuja na gari lililoinuliwa karibu kila mara alikuwa na malalamiko kama yako: "breki sikuzigusa." Na alikuwa akisema kweli. Kitu kikibadilishwa kwenye gari huvuta vingine vitatu au vinne, na mkaguzi huvitafuta hivyo vilivyovutwa.

Umesema udhaifu ni sawa pande zote mbili, na hilo limenisaidia. Kama tatizo lingekuwa viatu, mafuta yaliyovujia ngoma au silinda iliyokwama, upande mmoja ungekuwa dhaifu kuliko mwingine. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hukataa gari ambalo magurudumu ya ekseli moja yanatofautiana kwa zaidi ya asilimia 30. Pande zote zikipungua pamoja, chanzo kiko juu zaidi, kabla mafuta ya breki hayajagawanyika.

Lala chini ya pikapu yako, nyuma, utazame mahali bomba la breki linapokaribia ekseli. Pikapu nyingi zina valvu ndogo iliyofungwa kwenye chasisi, ikiwa na fimbo nyembamba inayoshuka hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likibebeshwa, chasisi hushuka, fimbo huisukuma valvu, na breki za nyuma hupewa shinikizo kubwa zaidi, gari likiwa tupu, chasisi hupanda na shinikizo hupunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasifunge. Wewe umeinua chasisi sentimita 4 kutoka kwenye ekseli. Valvu haijui kwamba kuna vipande vya chuma pale kati. Inachojua ni kwamba gari limekuwa jepesi kuliko lilivyowahi kuwa, na kwa hiyo inabana shinikizo hata ukiwa umepakia mizigo.

Dawa yake ni kuinua sehemu ambayo fimbo inashikia kwenye ekseli kwa sentimita zilezile 4, kwa kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti, kisha fundi aipime valvu kwa vipimo vya mtengenezaji. Wapo wanaoifunga fimbo kwa waya ili ibaki juu daima. Usithubutu. Siku utakayofunga breki kwa ghafla gari likiwa tupu kwenye lami yenye maji, sehemu ya nyuma itakutangulia na gari litazunguka kama pia. Ukiwa hapohapo chini, tazama pia mipira ya breki, yaani mabomba laini ya mafuta, gari likiwa limening'inia kwenye jeki na magurudumu yameshuka hadi mwisho. Mpira uliokaza kama uzi wa upinde haupiti ukaguzi, na haustahili kupita.

Matairi nayo yamechangia. Kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 10, kwa hiyo ngoma ileile, kwa nguvu ileile, inatoa uzuiaji mdogo kwa takriban asilimia 9 pale tairi linapogusa barabara. Mshale wa spidi pia unakudanganya: ukisoma 80, unakwenda 88.

Kuhusu taa za mbele, hesabu ni rahisi. Taa za chini huelekezwa kwa kushuka takriban asilimia 1, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10. Umeinua mbele kwa sentimita 3 zaidi ya nyuma. Ikiwa kati ya ekseli zako mbili kuna mita 3, basi umeipandisha pua ya gari kwa asilimia 1 kamili na kuufuta mteremko wote wa mwanga. Unamulika usawa wa macho ya anayekuja. Usiende kwenye ukaguzi kabla ya kuzielekeza upya, na uzielekeze baada ya kumaliza kazi ya springi, wala si kabla yake.

Suala la hati ni fupi. Mamlaka nyingi hukubali mabadiliko ya aina hii, lakini hutaka yaombewe kibali na kuandikwa kabla ya gari kuletwa kwenye ukaguzi. Mkaguzi wa shimoni hana uwezo wa kukuandikia kibali. Kazi yake ni kulinganisha gari na karatasi. Uliza kwanza kama wanahitaji barua ya mhandisi, halafu tunza stakabadhi na namba za vipuri ulivyotumia.

Spana Kumi na Tatu

Kwa heshima zote kwa mzee aliyetangulia, nadhani tunamzungusha bure ndugu yetu. Kuondoa vile vipande na kurudisha matairi ya kiwandani ni kazi ya siku moja. Apite ukaguzi, kisha avirudishe. Nimefanya hivyo mara mbili na sikupata tatizo lolote.

Mkaguzi Mstaafu

Ndugu Spana, uliyapitisha matairi ya kiwandani, hukulipitisha gari unaloliendesha. Ikitokea ajali, mtu wa bima atapima tairi lililopo siku hiyo, na cheti chako hakitakuwa na la kukutetea. Zaidi ya hayo, yubolti za springi, yaani bolti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, zikishakazwa mara moja hurefuka kidogo na hazifai kufunguliwa na kukazwa tena mara kwa mara; zinatakiwa kubadilishwa. Kwa hiyo wewe unazichosha mara mbili kila msimu wa ukaguzi ili kukwepa barua moja.

Fundi wa Chasisi

Pikapu imepata daktari wake, acheni nizungumzie tela, maana hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Swali la kwanza la tela lolote ni uzito wake wote likiwa limepakiwa, yaani chuma chenyewe pamoja na mzigo. Nchi nyingi huruhusu tela lisilo na breki hadi kilo 750 kwa jumla. Wewe unataka mzigo wa kilo 1,000, na chasisi ya vyuma vya mraba haiwezi kukosa kilo 250 au 300, kwa hiyo umeshavuka mpaka huo hata kabla ya kufunga kamba. Una njia mbili: ama uliandikishe tela kwa kilo 750 na uridhike na mzigo mdogo, ama uliwekee breki.

Ukichagua breki, nakuomba usihangaike na zile ngoma za gari dogo. Najua zinatamanisha kwa kuwa zipo tayari. Breki za tela la kiasi chako kwa kawaida hufanya kazi kwa msukumo: gari likipunguza mwendo, tela hulisukuma, kichwa cha kukokotea, yaani sehemu ya mbele ya tela inayoshikana na gari, huingia ndani kidogo na kuvuta nyaya za breki. Mfumo huo hutengenezwa kama jozi, kichwa na ngoma vikiwa vimepimwa kwa pamoja, na kanuni za kimataifa huuruhusu hadi kilo 3,500. Ngoma za gari hazikupimwa na kichwa chochote. Halafu lipo jambo la kurudi nyuma: ngoma za tela zina viatu vinavyojilegeza gari linaporudi nyuma, za gari dogo hazina. Niliwahi kuletewa tela la namna hiyo. Mwenyewe alishindwa kuliingiza uani kwa kurudi nyuma, magurudumu yamefunga, anaburuza changarawe, akidhani beringi zimeungua.

Nunua ekseli ya tela yenye bamba lake, pamoja na kichwa kinacholingana nayo na kebo ya kuvuta hendibreki iwapo tela litachomoka. Uzito utakaouandika kwenye bamba la utambulisho usizidi uwezo wa sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Tazama namba ya mzigo kwenye matairi: 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja, kwa hiyo mawili yanabeba kilo 1,230. Hata kama ekseli yako imeandikwa kilo 1,500, tela lako ni la kilo 1,230, na mkaguzi makini atafanya hesabu hiyohiyo mbele yako.

Mahali pa ekseli pia ni muhimu. Uzito ukiwa nyuma ya ekseli, tela hunyanyua mkia wa pikapu na kuanza kuyumba. Ukiwa mbele mno, huikandamiza. Chukulia tela la kilo 1,000 ambalo kitovu cha uzito kiko sentimita 20 mbele ya ekseli, na kutoka ekseli hadi kichwa ni mita 3: kichwa kitabeba takriban kilo 67. Ili kupima lako, simamisha kipande cha mbao juu ya mizani ya kupimia uzito wa mwili, ulaze kichwa cha tela juu yake kwa kimo kilekile cha kiungo cha pikapu, kisha usome. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kichwa na kwenye kiungo.

Taa zako zinazopepesa ni waya wa asi, yaani waya wa kurudishia umeme, karibu nina hakika. Umeme ukikosa njia ya kurudi hujitafutia nyingine kupitia balbu za jirani, ndiyo maana breki na indiketa zinapigana. Wengi hutegemea chasisi ya tela irudishe umeme kupitia kichwa cha kukokotea, ambacho kimejaa grisi na kutu. Pitisha waya mnene wa asi hadi kila taa, uutoe kwenye pini namba 3 ya plagi ya pini 7. Na kama utaweka taa za LED, ujue kwamba flasha ya zamani, kile kifaa kinachopepesha indiketa, hutarajia balbu ya wati 21. Ikikuta LED hudhani balbu imeungua na kupepesa haraka, jambo ambalo pia hukataliwa. Badilisha flasha iwe ya kielektroniki. Nyuma usisahau reflekta nyekundu za pembetatu, ncha ikielekea juu, maana hizo ndizo alama ya tela.

La mwisho kwangu: usipake chasisi rangi nzito ya lami siku mbili kabla ya ukaguzi. Mkaguzi akiona weusi mbichi unaonata juu ya maungio, huchukua nyundo ndogo na kuanza kugonga.

Mwenye Tela

Nimerudi na matokeo, na nawashukuru sana nyote. Nililala chini ya pikapu na kuikuta ile fimbo mahali hasa mzee alipoitaja, imevutwa chini hadi mwisho wa uwezo wake. Miaka minne nimekuwa na gari hili bila kujua kwamba kitu hicho kipo. Fundi aliinua kishikio kwa sentimita 4 na kuipima valvu, taa zikaelekezwa upya, na kibali cha matairi na springi kikatoka baada ya barua ya mhandisi. Pikapu imepita. Matairi yamebaki makubwa, na spidi imesahihishwa.

Taa za tela zilikuwa asi kama Fundi wa Chasisi alivyosema. Nilipokifungua kichwa cha kukokotea, waya nilioutegemea ulikuwa umeshikwa na bolti moja iliyolegea. Sasa zinawaka kila moja kivyake. Tela lenyewe nimeliandikisha kwa kilo 750 kwa sasa, na ekseli yenye breki nitaitafuta taratibu. Mkaguzi aliuliza picha za maungio kabla ya rangi, nami kwa bahati nilikuwa nazo kwenye simu.

Fundi wa Chasisi

Hongera. Kaza tena nati za magurudumu na yubolti baada ya kilomita 100 za kwanza, kisha uzitazame tena wiki inayofuata. Ukifikia hatua ya kununua ekseli, leta hapa picha ya bamba lake kabla hujalipa.