Nimepewa mkataba wa kwanza wa udaktari bingwa, nisaini tu au nibishane?

dk_mgeni: Wakuu habari zenu. Nimemaliza ubingwa juzi juzi na kuna hospitali binafsi wamenitumia mkataba wa kurasa 22, mshahara uko poa kuliko nilivyotegemea ila wanataka nisaini ndani ya siku 5. Nimeusoma mara mbili na kusema ukweli macho yananasa kwenye mshahara tu. Kuna sehemu imeandikwa zamu za usiku "kadiri itakavyohitajika", na nyingine eti nikiondoka nisifanye kazi ndani ya kilomita 30 kwa miaka 2. Hivi anayeanza anaweza kuomba wabadilishe au wataniona mjuaji wampe mwingine?

zamu_tena: Hongera dokta. Siku 5 zisikutishe, waandikie kiungwana kwamba wakili wako anausoma. Mimi hiyo "kadiri itakavyohitajika" ndo iliyonimaliza, nilisaini tukiwa madaktari wanne, wawili wakaondoka, zamu zao tukagawana sisi tuliobaki na hela haikuongezeka hata senti, nilipolalamika wakanionyesha saini yangu mwenyewe. Omba waandike namba, zisizidi zamu ngapi za usiku kwa mwezi, na ukizidisha unalipwaje.

mkongwe_wa_upasuaji: Zamu sawa, ila bima ya makosa ya kitabibu mbona hamjaitaja? Ziko aina mbili. Kuna inayokulinda kwa tukio lililotokea wakati una bima, hata mgonjwa akishtaki miaka mingi baadaye. Na kuna inayokulinda tu kama madai yameletwa bima ikiwa bado hai, sasa hiyo ukiacha kazi inakatika na wagonjwa wote uliowahi kuwagusa wanabaki mgongoni kwako, mpaka ununue nyongeza ambayo wenyewe wanaiita mkia. Marekani mkia mara nyingi unafika mara moja na nusu hadi mara mbili ya ada ya mwaka mzima!! Mkataba ukikaa kimya kuhusu nani analipa, jua ni wewe. Mimi ningekubali mshahara upungue kidogo lkn mkia walipe wao.

dk_mgeni: Daah hiyo bima hata sikuiona, imetajwa mstari mmoja tu. Na hizo km 30?

baba_wodi: Inategemea sheria ya ulipo, California kwa mfano kifungu cha hivyo kwa mwajiriwa hakina nguvu, kwingine jaji anaangalia kama umbali na muda ni wa haki. Ila nani ana hamu ya kwenda kortini na mwajiri wa zamani? Waulize km 30 kutoka wapi, maana kama wana matawi matano kila tawi lina duara lake na utajikuta huna pa kwenda. Ihesabiwe kutoka kituo chako tu, na isikuhusu wakikuachisha bila kosa. Alafu usiende na mambo 15, chagua matatu, ukidai kila kitu hawasikii hata kimoja.

dk_mgeni: Mrejesho: nimepeleka matatu. Zamu wamekubali zisizidi 6 kwa mwezi, mkia wanataka nusu kwa nusu, zile km 30 bado wanang'ang'ania. Hakuna aliyenuna kumbe.

mkongwe_wa_upasuaji: Safi, nusu usiikatae ila waiandike ndani ya mkataba, siyo kwenye meseji. Notisi ya kuvunja mkataba umeangalia? Siyo ya wewe kwao, ya wao kwako.

dk_mgeni: Ngoja niufungue tena.