Mrejesho: kijana wangu acheze namba 3 au namba 4?

Niliuliza iwapo kijana ninayemfundisha mpira wa kikapu, mrefu, mwepesi na mwenye shabaha nzuri, anafaa kucheza namba 3 (mshambuliaji wa pembeni) au namba 4 (mshambuliaji mwenye nguvu anayecheza karibu na kikapu). Nilifuata ushauri wa kutazama kwanza anaweza kumkaba nani, kwa kuwa kufunga anafunga popote. Alipowakaba namba 4 wenye misuli, walimsukuma kwa mgongo hadi chini ya kikapu na ribaundi (mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu) zikampita. Alipowakaba namba 3 wa pembeni, kasi yake ilitosha, ingawa akidunda mpira kwa mkono wa kushoto bado huinamisha kichwa. Kwa hiyo ataanza namba 3, na wapinzani wakiingiza wachezaji wafupi atahamia namba 4, ambako hatasukumwa ovyo. Mwili ukijaa (wala sitauharakisha kwa kunyanyua vyuma), nitalipima suala hili upya.