Kuchora chini ya sketibodi, picha si itakwisha?

Kijana_Makadara: Wadau mambo. Niko na bodi tupu, nataka kuchora chini yake yale maua ya milango ya Mji wa Kale. Sasa rafiki yangu ananambia najisumbua bure, ukiteleza ukingo wa simiti mara kadhaa picha yote inakwisha. Ni kweli?

Baharini77: Kweli, haswa hapo katikati, lakini usiache ndugu yangu! Huu mchezo na uchoraji vimekua pamoja, kule California miaka ya 1970 Wes Humpston alikuwa akiwachorea wenzake bodi kwa mkono, halafu ule mkono wa buluu wenye mdomo unaopiga kelele Jim Phillips aliuchora 1985 kwa Santa Cruz, kampuni ya sketibodi, na mpaka leo watu wanajichora tatuu yake hata kama bodi hawajawahi kukanyaga. Mtu anachora akijua itakwaruzwa, mimi hapo ndio napapenda sana.

fundi_rangi: Piga msasa laini, futa vumbi, rangi ya akriliki matabaka mawili membamba halafu vanishi. Na unyevu wetu huu wa pwani usiwe na haraka, vanishi juu ya rangi mbichi inatoa malengelenge. Maua yaweke karibu na vyuma vya magurudumu, hapo hapakwaruzwi sana.

Kijana_Makadara: Shukran sana. Na rangi ya wale wachoraji wa matatu je?

fundi_rangi: Hiyo ya gari ni ngumu zaidi, inafaa. Pulizia nje na uzibe pua.