Mwaka wa kwanza wananyamaza kama maji mtungini: nifanyeje?

Mwalimu_Mgeni: Ndugu zangu, nafundisha utangulizi wa uchumi katika chuo kimoja hapa Mwanza, na darasa langu la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wapatao mia mbili. Nikiuliza swali, hakuna anayeinua uso. Wengi husubiri vitini, wakavipiga picha na kuvikariri siku mbili kabla ya jaribio, ilhali kazi za muhula zinabeba alama 40 kati ya 100. Siamini kwamba ni wavivu, maana mvivu hafiki hapa. Mliopitia hali hii mlifanyaje?

Bibi_wa_Capripoint: Mwenzangu, hao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari kwa Kiingereza, na huko wakajifunza mapema kwamba anayekosea mbele ya wenzake huchekwa. Unapomsimamisha mmoja mbele ya watu mia mbili, unampa mitihani miwili kwa pamoja, wa uchumi na wa lugha. Mimi huandika ubaoni swali lenye majibu matatu. Kila mmoja huchagua peke yake, tunahesabu mikono, kisha humshawishi jirani yake kwa Kiswahili, hata kwa Kisukuma, halafu tunahesabu tena. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza kufundisha hivyo mwaka 1991, alipogundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa vizuri mambo wasiyoyaelewa.

Kazi kubwa ni kutunga swali lenyewe. Jaribu hili: bei ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba ikipanda siku za mbalamwezi, je, ni mahitaji yaliyoongezeka au ni ugavi uliopungua? Mtoto wa kisiwa cha Ukerewe anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na kwamba mwezi ukiangaza taa hizo hazivuti samaki vizuri. Yeye aliyejificha nyuma ndiye atakayewafundisha wa mjini. Muda utapotea, sikatai. Mada zinazobaki huwaachia wasome wenyewe.

Mwaka_wa_Tatu: Shikamooni walimu wangu. Naomba kuongeza kwamba mikono ikinyooshwa juu, wa nyuma humtazama kwanza anayesifika kwa akili, kisha wote hufuata. Afadhali kila mtu aonyeshe vidole kifuani, kimoja, viwili au vitatu, ili mwalimu pekee ndiye aone. Pia msisahihishe matamshi hadharani; mimi nilifanyiwa hivyo mara moja, nami sikufungua tena kinywa muhula mzima.

Mwalimu_Mgeni: Marahaba, kijana, na asante, Bibi. Nimelijaribu swali la dagaa leo, kwa vidole. Mwanzoni wengi walichagua mahitaji. Baada ya mabishano, ambayo nilishindwa kuyazima kwa wakati, wengi walihamia ugavi. Kisha binti mmoja wa safu ya nyuma akauliza: na dagaa waliokwisha kukaushwa na kuwekwa ghalani, je, hao hawazuii bei kupanda? Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, kwa hiyo kipindi cha Alhamisi tutaanza na swali lake.