Mjadala: Je, mchezo wa Unpacking unapumzisha kweli?

Mwana wa Kilosa (mleta mada)
Wadau, naomba tujadiliane kwa staha. Mchezo wa video wa Unpacking, uliotolewa Novemba 2021 na kampuni ya Witch Beam ya Brisbane, Australia, unasifiwa kwa kutuliza akili. Hauna adui wala saa inayokukimbiza. Kazi yako ni kufungua maboksi ya mwanamke asiyeonekana na kupanga vitu vyake kila anapohama, mara nane, kuanzia chumba chake cha utotoni mwaka 1997 hadi nyumba ya mwaka 2018. Lakini ukimaliza, kitu ambacho hukukiweka panapotakiwa huzungushiwa mstari mwekundu, nawe huendelei mpaka ukihamishe. Nauliza: mapumziko yenye msimamizi ni mapumziko gani?

Binti Saumu
Mleta mada, kilichokukera wewe ndicho kilichonifanya niupende. Utulivu wake uko mikononi: kikombe kikiwekwa juu ya mbao kinatoa mlio wake, na kikiwekwa juu ya jiwe kinatoa mwingine, hata mtu anajikuta akikihamisha tu ili akisikie. Ama huo mstari mwekundu, ndio unaosimulia hadithi. Mwaka 2010 dada yule anahamia kwa mpenzi wake, na cheti chake cha shahada hakipati ukuta. Unajaribu kila mahali, mchezo unakataa, mpaka unakisukuma chini ya kitanda. Hakuna aliyekuambia neno, lakini umeshajua kwamba uhusiano ule hauna maisha. Wanaume wa namna ile tunawafahamu.

Jirani Mwema
Samahani dada, "wanaume wa namna ile" ni wepi hao? Kijana amempokea mtu nyumbani kwake, na vitu vyake mwenyewe vinaruhusu kusogezwa. Nilivisogeza mimi kwa mkono wangu, wala hakuna aliyenizuia. Mwishowe si walioana wakajaliwa mtoto? Sasa kosa lake ni lipi, kuwa na picha ukutani?

Fundi Redio
Nakumbusha tu kwamba kwenye mipangilio ya mchezo kuna sehemu ya kuruhusu kitu chochote kikae popote. Ukiiwasha, mstari mwekundu haukusumbui tena, kwa hiyo swali la mleta mada linapungua uzito sana. Tena mwaka 2022 mchezo huu ulipata tuzo ya usimulizi ya BAFTA, taasisi ya Uingereza inayotuza filamu, televisheni na michezo ya video, jambo ambalo si la kawaida kwa mchezo usio na mazungumzo.

Binti Saumu
Ndugu Jirani, ungeucheza hadi mwisho usingeandika hayo. Mwaka 2012 dada yule amerudi chumbani kwake kwa wazazi, na picha aliyopiga na huyo kijana wako hairuhusiwi kubaki mahali pa kuonekana. Mtoto unayemsema anakuja baadaye kabisa, na mwenza mwingine. Kosa lake ni hili: mtu anakujia na maisha yake yote kwenye maboksi, nawe hujatoa hata rafu moja kabla hajafika.

Mzee wa Makorora
Wanangu, nimeonyeshwa mchezo huu na mjukuu kwenye simu, nikashangaa mnagombana juu ya cheti. Vyeti vya nyumba yangu vyote, pamoja na hati ya kiwanja, vimo kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, na hakuna aliyedhalilishwa. Kwetu karatasi ya thamani hufichwa. Ukutani tunatundika kalenda na picha ya harusi. Kilichonisumbua mimi ni kwamba mchezo unaijua nyumba ya aina moja tu. Sikuona mbuzi ya nazi, sikuona ndoo ya akiba ya maji, wala kabati la vyombo vya wageni ambavyo mwenye nyumba mwenyewe havigusi.

Binti Saumu
Shikamoo mzee wangu. Nakubali kuhusu mbuzi ya nazi, lakini bahasha yako umeiweka wewe, kwa hiari yako, chini ya godoro lako. Dada yule hakuchagua.

Mwana wa Kilosa (mleta mada)
Basi hapo ndipo ninapotaka tufike. Ikiwa mchezo unamnyima mchezaji hiari ili aonje uchungu wa mtu mwingine, tusiuite wa kupamba nyumba, kwa maana anayepamba huamua mwenyewe. Kwangu ni kitabu kizuri cha saa chache kinachouzwa dola 20 kama burudani ya mapumziko, na aliyetoka kazini amechoka ana haki ya kulalamika akikutana na talaka ndani ya boksi.

Jirani Mwema
Talaka ya nani, mkuu, nao hawakuwahi kufunga ndoa? Hata nyumba haikuwa ya dada. Wote mmenizunguka bila kunijibu: vitu vya kijana vilisogezeka, au havikusogezeka?

Binti Saumu
Vilisogezeka, nami nilivisogeza vyote hadi dari ikanichoka. Ukuta haukupatikana.

Jirani Mwema
Basi mlaumu aliyeuchora ukuta.