Nimetukanwa kwa kuchambua mwisho wa Shingeki no Kyojin

Mkazi wa Kirumba: Wakuu, niliandika kwamba sura ya 139 ya manga hiyo (hadithi ya vibonzo ya Kijapani), iliyofunga hadithi Aprili 2021, ilimtendea haki Eren, mhusika mkuu, kwa kuwa uhuru alioutaka ulinuka damu tangu mwanzo. Kabla daladala haijafika Buzuruga, nilikuwa nimekwisha kutukaniwa mama. Je, nifute?

Jibu la 1: Usifute, ndugu yangu. Ila taja kurasa zenyewe, hasa pale ndege anapomfunga Mikasa, rafiki wa Eren, skafu yake, kwani hapo ndipo wasomaji wanapogawanyika. Mwenye hoja mjibu. Anayemtaja mama yako mzuie.

Jibu la 2: Mimi mwisho huo sikuupenda hata kidogo, lakini matusi hayakubaliki. Yakinizidi, huzima simu nikaenda kulitazama Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza.

Mkazi wa Kirumba: Nimewazuia watatu. Kurasa nitaziongeza kesho.